Khudadad Khan: Askari wa Miguu Aliyebaki na Bunduki Yake



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu wazazi na wanafunzi, tukiulizwa habari za mashujaa, ndimi zetu hukimbilia Badr na Uhud, na ndivyo inavyostahiki. Leo tumtazame Muislamu wa karne ya 20, askari wa miguu asiye na cheo, aitwaye Khudadad Khan.

Alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Dab, eneo la Chakwal, Punjab, ambalo leo liko Pakistan. Alijiunga na kikosi cha 129 cha Baluchi katika jeshi la India, lililokuwa chini ya Waingereza. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, kikosi hicho kilivushwa bahari kwenda Ufaransa, kisha Ubelgiji, ambako Wajerumani walikuwa wakisonga kuelekea bandari ambazo Waingereza walizitegemea kwa askari na silaha.

Tarehe 31 Oktoba 1914, karibu na kijiji cha Hollebeke, Wajerumani walishambulia kwa wingi. Baluchi walikuwa na bunduki mbili za rashasha. Ofisa wao alijeruhiwa, na bunduki moja ikaharibiwa na kombora. Khudadad naye alijeruhiwa, lakini hakuiacha bunduki yake. Aliendelea kupiga mpaka wenzake watano waliokuwa kwenye bunduki ile wakauawa wote. Adui alimwacha pale akidhani amekufa. Giza lilipoingia, alitambaa mpaka akawafikia wenziwe.

Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Askari wa India walikuwa wameruhusiwa kuipata tangu mwaka 1911 tu, naye akawa wa kwanza wao. Alistaafu akiwa na cheo cha subedar, akafariki mwaka 1971.

Lakini hapa tusimame kidogo. Dola iliyomvika nishani ndiyo iliyokuwa ikiitawala nchi yake. Tarehe 14 Novemba 1914, wiki mbili tu baada ya Hollebeke, Sheikhul Islam wa Istanbul alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza na washirika wake. Na mwaka 1916 kikosi kile kile cha 129 kililetwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani, ambao miongoni mwa askari wao Waafrika walikuwamo Waislamu wengi. Muislamu akamlenga Muislamu, kila mmoja chini ya bendera isiyokuwa yake.

Basi tuwaambie nini watoto wetu? Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu anayepigana ili aonekane shujaa na anayepigana kwa ajili ya kabila lake, na jibu lake likaturudisha kwenye nia: aliye katika njia ya Allah ni yule anayepigana ili neno la Allah liwe juu. Ushujaa peke yake si mizani. Kwa hiyo tunaweza kuusifu uthabiti wa Khudadad, aliyesimama mahali pake wenzake wote walipoanguka, bila ya kuisifu dola iliyomtuma. Nia yake anaijua Mola wake.

Na tukiwasimulia, tusiwasahau wale watano. Wao hawakurudi nyumbani na hawakuvikwa nishani ile, ingawa walisimama kwenye bunduki ile ile. Mbele ya Allah hakuna amali inayopotea.

Wabillahi tawfiq.