Tukiunda gemu la mapigano, Mwalimu aingie?

Super Smash Bros. ilitoka Japani Januari 1999: wahusika wa magemu tofauti wanakutana jukwaani, anayesukumwa nje ndo kashindwa. Nikiota la kwetu Mara, naanza na majukwaa: mawe ya Musoma kando ya ziwa, nyika za Serengeti upande wa Bunda, Mwitongo kule Butiama. Wapiganaji je? Fumo Liyongo, Kinjikitile wa Majimaji ya 1905, na Shylock, ambaye Mwalimu Nyerere alimleta kwenye Kiswahili mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo kukutanisha walimwengu wa mbali si jambo geni Butiama. Ila Mwalimu mwenyewe nisingemtia ulingoni. Mwaka 1985 alishuka jukwaani kwa miguu yake, na ushindi wa namna hiyo gemu langu halina kitufe chake.