Milango Isiyojua Bawaba

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au vya Lamu, aghalabu husimama mbele ya milango ya kale akaitazama nakshi yake, mawaridi na minyororo iliyochongwa katika miimo, na aya zilizoandikwa juu ya kizingiti. Walakini ni nadra mtu kuinama akaiangalia pembe ya chini, pale ubao unapokutana na kizingiti, ilhali hapo ndipo penye hikima ambayo mimi naiona kubwa kuliko nakshi yote.

Milango ile haikutiwa bawaba hata moja. Seremala alipokuwa akizikata mbao mbili za mlango, aliuacha ukingo wa kila ubao, kwa upande wa mwimo, utokeze juu na chini, kisha akazichonga zile ncha zikawa za mviringo, na katika kizingiti cha juu na cha chini akachimba matundu ya kuzipokea. Ubao ukazunguka juu ya mti wake wenyewe, na uzito wake wote ukashuka mpaka kizingiti cha chini, wala usiuvute mwimo kwa upande. Na maadam ncha haziwezi kuingizwa baada ya vizingiti kufungwa, ilibidi mbao na miimo viunganishwe pamoja. Nami nadhani hii ni sababu mojawapo ya ile desturi ya kusimamisha mlango kwanza, ndipo kuta za mawe na chokaa zikajengwa kuuzunguka. Mwizi hakupata parafujo ya kulegeza, wala chumvi ya bahari haikupata chuma cha kula.

Useremala huu ni wa tangu zamani: Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa. Katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, nakshi ilizidi kushamiri, na njumu za shaba na matao yakaonyesha mkono wa Bara Hindi.

Bawaba za madukani zilipoenea ndipo lilipozuka suala ambalo wazee hawakuwa na haja nalo: ziwe ngapi, na zikae wapi? Mlango mwepesi hutosheka na mbili. Mzito hutaka tatu, na hiyo ya tatu wengine huiweka katikati ili ubao usipinde, na wengine huipandisha karibu na ya juu, kwa kuwa ubao ulioshikwa ubavuni huivuta bawaba ya juu itoke, na ya chini huisukumiza mwimoni.

Basi huniuma sana kuona mlango wa msaji umekatwa ncha zake, kwa kuwa ya chini imelika kwa msuguano na maji ya mvua, ukatiwa bawaba tatu. Mti mnene uliokuwa umesimama juu ya kizingiti sasa unaning'inia kwa parafujo chache, na haukawii kulegea ukaburura sakafuni. Kuunga ncha mpya ya mti mgumu kunawezekana, ila kunataka kizingiti kifunguliwe, na fundi aliye tayari kufanya kazi ambayo hakuna mpita njia atakayeiona.