Zilizopendwa: Wimbo uende na jina la mwenyewe

KWA miaka mingi, msikilizaji wa redio nchini Kenya aliyetaka kumpelekea mwenzake wimbo aupendao alinunua kadi ya salamu, akaorodhesha majina ya jamaa na marafiki, akataja wimbo, kisha akaituma kadi hiyo studioni. Sauti ya Kenya, iliyochukua jina hilo mwaka 1964 na kugeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) mwaka 1989, iliwaunganisha kwa njia hii watu waliotenganishwa na kazi, masomo au ndoa.

Desturi hiyo ilizaa mashabiki wa salamu. Walijipa majina ya utani, wakafahamiana kwa kusikia majina yao yakisomwa hewani kabla ya kuonana ana kwa ana, na baadhi yao wakaunda vyama vya kusaidiana katika harusi na misiba. Wimbo ulikuwa zawadi isiyokuwa na uzito wa kubebwa, lakini iliyofika mbali.

Zawadi hiyo ilikuwa na pande tatu: mtumaji, mpokeaji na msanii. Mtangazaji aliyeijua kazi yake hakukosa kumtaja mwimbaji pamoja na bendi yake. Siku hizi wimbo husafiri kutoka simu hadi simu kwa sekunde chache, mara nyingi ukiwa umekatwa mwanzo na mwisho, bila jina la yeyote. Pande mbili za kwanza zimebaki. Ya tatu imeanza kusahaulika.

Waswahili walikuwa na namna yao ya kumkumbuka msanii tangu kale. Wasemao husema mcheza kwao hutuzwa. Katika taarab, shabiki aliyeguswa na ubeti huinuka, akajongea jukwaani kwa madaha na kumtuza mwimbaji pesa mkononi, umati ukishuhudia. Santuri ilipoingia, kisha kanda na simu, mwimbaji hakumwona tena msikilizaji wake. Ndipo jina lililoandikwa kwenye santuri likawa ndio mkono wake wa kupokelea tuzo.

Ni nani hasa wa kutajwa? Nyuma ya wimbo mmoja huwapo watu kadhaa. Yupo mtunzi wa maneno na mtunzi wa lahani, ambao huenda wakawa mtu mmoja. Yupo mwimbaji. Wapo wapigaji wa ala, na yupo mtayarishaji aliyesimamia kurekodiwa kwake. Msikilizaji husikia sauti ya mwimbaji na kudhani kwamba ameshawajua wote.

Mfano ulio wazi ni wimbo "Malaika". Fadhili William, mzaliwa wa Taita aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwa na kundi la Jambo Boys. Baadaye uliimbwa na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Harry Belafonte wa Marekani, kundi la Boney M na Angélique Kidjo wa Benin. Wako wasikilizaji wengi ughaibuni walioufahamu kwanza kwa sauti ya Makeba, wakaamini kuwa ni wake.

Hata hapa Afrika Mashariki, suala la utunzi wake lina utata. Fadhili alishikilia kwamba wimbo ni wake, ilhali wengine humtaja Adam Salim wa Tanzania kuwa ndiye mtunzi. Mzozo kama huu si wa fahari tupu, kwa kuwa mirabaha ya utunzi humfuata yule ambaye jina lake limeandikwa. Ni kinaya kwamba wimbo unaosimulia kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa pesa ndio uliokuja kuzua swali la nani anastahili kulipwa.

Upande wa pili kuna Daudi Kabaka, aliyefariki pia mwaka 2001. Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza lilirekodi wimbo wake "Helule Helule", na jina la Kabaka likasafiri nao kama mtunzi. Vivyo hivyo, "Jambo Bwana", uliorekodiwa na bendi ya Them Mushrooms mwaka 1982, unajulikana kuwa kazi ya Teddy Kalanda Harrison, ingawa watalii wengi waliouimba katika hoteli za Pwani huenda walidhani ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe.

Fundi Konde, mpiga gitaa kutoka Pwani aliyeaga dunia mwaka 2000, naye angali anasikika kupitia "Tausi Ndege Wangu", kibao ambacho vijana hukiimba bila kujua kilitoka wapi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamkinga msanii kwa njia mbili. Kwanza ni haki za kiuchumi: kazi ya muziki hulindwa katika uhai wote wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, utunzi wa Kabaka utaendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2051, na warithi ndio wenye kufaidi, isipokuwa kama haki hizo ziliuzwa. Rekodi yenyewe huhesabiwa kivyake, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa.

Pili ni haki za kimaadili, yaani haki ya mtunzi kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi na kupinga isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Kuimba bafuni au kusikiliza nyumbani hakuhitaji leseni. Kituo cha redio, baa, hoteli au matatu inayowachezea abiria muziki hutakiwa kulipa.

Msikilizaji wa kawaida hahitaji kuwa wakili ili atende haki. Anapomtumia rafiki wimbo, anaweza kuandika jina la mwimbaji, la mtunzi na mwaka akiujua. Anapouweka wimbo kwenye sherehe, anaweza kumwambia msherehekaji auseme ni wa nani. Anaweza kununua kazi halisi badala ya nakala ya wizi, na kuhudhuria tamasha la mkongwe angali hai badala ya kungoja kuchangia mazishi yake.

Neno lenyewe "zilizopendwa" limo katika kauli ya kutendwa. Linaeleza kuwa nyimbo zilipendwa, bila kusema nani alizipenda wala nani alizitunga. Kadi ya salamu ilijaza pengo la kwanza kwa kumtaja mpenzi wa wimbo. Pengo la pili hujazwa na yeyote anayeupitisha wimbo kwa mwenzake akakumbuka kutaja jina moja zaidi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.