Kuondoa mkono wa waipa ya nyuma uliokwama

Kuondoa mkono wa waipa ya nyuma uliokwama ni kazi ya ufundi wa magari ambayo mkono wa kifuta kioo cha nyuma hutolewa kwenye shafti yake baada ya kutu kuushikilia. Kazi hiyo hufanyika ili kubadilisha mkono uliovunjika, kutengeneza mota ya waipa au kupiga rangi mlango wa nyuma. Ugumu wake kwa kawaida hauko kwenye nati. Uko kwenye meno yaliyo chini ya nati, ambako mkono huweza kubaki umeganda hata nati ikishatolewa. Mkono huo unapaswa kuvutwa kwa kufuata mstari wa shafti. Ukibanduliwa kwa upande, kioo kinaweza kupasuka.

## Matumizi ya waipa ya nyuma

Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya kifaa cha kufuta kioo cha gari mwaka 1903. Kifaa hicho kiliendeshwa kwa mkono kutoka ndani. Waipa ya nyuma ilienea baadaye, hasa kwenye magari ambayo kioo chake cha nyuma kimesimama wima au karibu wima, kama Toyota RAV4 na Toyota Noah. Gari la namna hiyo linapokwenda, hewa huzunguka nyuma yake na kurudisha vumbi na matope kwenye kioo.

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro waipa hiyo ina umuhimu wa pekee. Njia nyingi zinazoingia vihambani huko Marangu, Kibosho, Machame na Rombo ni nyembamba, zenye kona na miinuko. Magari mawili yakikutana, mara nyingi moja hulazimika kurudi nyuma. Ukungu au mvua ikifunika kioo cha nyuma, dereva anaweza asimwone mtoto anayetoka shule au pikipiki iliyo nyuma yake.

## Muundo

Mkono wa waipa umefungwa kwenye shafti inayotoka kwenye mota iliyo ndani ya mlango wa nyuma. Ncha ya shafti ina meno madogo na imechongwa kama pia, yaani nyembamba juu na pana chini. Kichwa cha mkono huvikwa juu ya meno hayo, kisha nati hukikandamiza. Katika magari mengi ya Kijapani nati hiyo hufunguliwa kwa spana namba 10, 12 au 14. Juu yake kuna kifuniko cha plastiki. Katika baadhi ya magari maji ya kuoshea kioo hupita katikati ya shafti na kutokea kwenye kipua kidogo kilicho nchani.

## Sababu za kukwama

Shafti hutengenezwa kwa chuma, na kichwa cha mkono mara nyingi huwa cha alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, alumini huliwa na kutoa unga mweupe. Unga huo hujaza nafasi kati ya meno na kukaza kichwa kama kabari.

Mazingira ya Moshi huchangia hali hiyo. Wakati wa kiangazi vumbi la tambarare huingia chini ya kifuniko, nalo hushika unyevu wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwenye mteremko wa kusini mvua huongezeka kadiri mtu anavyopanda, na sehemu za ukanda wa msitu hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Magari yaliyotumika Japani yanaweza kufika nchini yakiwa tayari na kutu, hasa yakitoka maeneo ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

## Kutambua tatizo

Mkono kukwama kwenye shafti ni tofauti na shafti kukwama kwenye bushi yake. Shafti ikikwama, mota huweza kunguruma bila waipa kusogea, au fyuzi huungua. Kama shafti inazunguka lakini mkono haufuati, huenda nati imelegea au meno yamelika. Waipa inayofanya kazi vizuri inaweza pia kuwa na mkono ulioganda. Hilo hugundulika siku ya kuutoa tu.

## Hatua za kuondoa

1. Waipa huzimwa ikiwa imerudi mahali pake pa kupumzikia, kisha ufunguo hutolewa. Utepe hubandikwa kwenye kioo kuonyesha mahali ulipolala mkono.
2. Kifuniko huinuliwa taratibu. Kama kuna kipua cha maji nchani, hutolewa kwanza.
3. Nati hulegezwa lakini haitolewi kabisa. Huachwa kwenye nyuzi za mwisho ili ilinde nyuzi hizo na kuzuia mkono kuruka ghafla.
4. Kutu na uchafu husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha mafuta ya kulegeza kutu hupulizwa kuzunguka shafti. Husubiriwa dakika 15 au zaidi. Kutu kubwa huhitaji kurudia na kuacha usiku kucha.
5. Mkono huinuliwa kutoka kwenye kioo, kisha kichwa chake hutikiswa kidogo kidogo huku kikivutwa nje.
6. Kikikataa, hutumika pula ndogo ya taya mbili, kama ile ya kutolea vichwa vya nyaya za betri. Taya hushika chini ya kichwa na skrubu ya kati husukuma ncha ya shafti. Skrubu hukazwa kidogo, husubiriwa, kisha hukazwa tena, mpaka kichwa kitoke kwa mlio mfupi.

Joto pia husaidia, kwa sababu alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Kitambaa kilicholowekwa maji ya moto huzungushiwa kichwa cha mkono kwa dakika chache. Maji yanayochemka hayamwagwi juu ya kioo, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai.

## Makosa ya kuepuka

- Kutumia bisibisi kama wenzo juu ya kioo. Kioo cha nyuma kwa kawaida huimarishwa kwa joto. Kikipasuka, chote husambaratika kuwa vipande vidogo, na hakizibiki kama ufa mdogo wa kioo cha mbele.
- Kugonga shafti kwa nyundo. Pigo hufika kwenye gia za mota na linaweza kuharibu nyuzi za nati.
- Kuzungusha mkono kwa nguvu. Meno ya gia, ambayo katika mota nyingi ni ya plastiki, huweza kukatika.
- Kutumia moto wa gesi. Huharibu rangi, mpira wa kuzuia maji na kioo chenyewe.
- Kutumia mafuta ya breki kulegeza kutu. Mafuta hayo hubabua rangi ya gari.

## Kurudisha mkono

Meno ya shafti na ya kichwa husafishwa mpaka unga mweupe uishe, kisha hupakwa grisi kidogo sana. Mota huwashwa na kuzimwa mara moja bila mkono ili shafti irudi mahali pake pa kupumzikia. Mkono hurudishwa kwa kufuata alama ya utepe, na nati hukazwa kwa kiasi. Mafuta yaliyodondokea rangi au mpira huoshwa kwa maji na sabuni. Kioo hulowanishwa kabla ya kujaribu waipa, kwa kuwa mpira ukipita juu ya vumbi kavu hukwaruza kioo.

Mwisho, kifuniko cha plastiki hurudishwa. Kikipotea au kupasuka, maji na vumbi huingia moja kwa moja kwenye meno, na mkono huanza kuganda upya.