Majalada ya Siri na Urithi wa Ukoloni

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba kupanga majalada ni kazi ya karani wa masijala tu, wala haihusiani na siasa. Historia inakanusha fikra hiyo. Mwenye uwezo wa kuamua jalada lipi liwe wazi na lipi liwe siri ndiye anayeamua nani ajue na nani asijue. Hilo ni suala la madaraka.

Mwezi Mei 1961, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo kuhusu nyaraka ambazo serikali za wananchi zisirithishwe. Miongoni mwake zilikuwamo, kwanza, zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza. Pili, zile ambazo zingewaaibisha polisi, askari na watoa habari wake. Tatu, zile zilizofichua njia za upelelezi.

Katika Kenya majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliachiwa serikali mpya. Fungu la pili lilishikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya peke yao, kisha likachomwa moto au likasafirishwa Uingereza.

Lakini ukweli haukuteketea wote. Mwaka 2009 wazee walioteswa katika kambi za vizuizini wakati wa vita vya Mau Mau walifungua mashtaka London. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba majalada kama 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Karatasi zilizofichwa miaka hamsini ziliwatetea wanyonge.

Tunajifunza nini? Kila dola ina siri zake halali, na adui hapewi ufunguo wa nyumba. Lakini siri halali huwekwa kwa sheria na ina mwisho. Ndiyo maana Tanzania ilitunga Sheria ya Nyaraka za Taifa mwaka 1965, na Sheria Namba 3 ya mwaka 2002 ikaweka kanuni ya kuzifungua nyaraka kwa umma baada ya miaka 30.

Kwa hiyo, kiongozi anayegonga muhuri wa SIRI ili kuficha uzembe au wizi wake halindi dola; anaendeleza kazi ya mkoloni. Ni wajibu wa kada kumfichua.