Kuuliza Idadi: Haki ya Taarifa na Ufuatiliaji wa Simu Kibiti

Juni 2014 kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilichapisha ripoti iliyoonyesha kuwa, katika mwaka mmoja, mamlaka za Tanzania ziliomba taarifa za mawasiliano ya wateja wake mara 98,765. Hizo ni taarifa za nani kampigia nani, saa ngapi, na akiwa karibu na mnara upi. Hesabu hiyo hatukuipata bungeni wala polisi. Tuliletewa na kampuni ya ng'ambo. Sijasikia mhalifu hata mmoja aliyenufaika nayo.

Hoja ya usalama haifai kubezwa, hasa wilayani Kibiti. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa wilayani humo, katika kipindi ambacho viongozi wa vijiji nao walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine. Mkazi wa Kiongoroni, huko kwenye delta ya Rufiji, ana kila sababu ya kutaka wauaji wasakwe, hata kwa simu zao. Lakini ni Kibiti hiyo hiyo ambako Azory Gwanda, mwandishi aliyeripoti mauaji hayo, alitoweka 21 Novemba 2017. Mkazi huyo ana haki pia ya kujua mamlaka ya kufuatilia simu yanatumikaje.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania Bara nafasi ya kuuliza, na inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu. Kifungu cha 6 kinaruhusu kuzuia taarifa zinazohatarisha usalama wa taifa. Anayeuliza kama simu yake inasikilizwa atakwama hapo siku ya kwanza. Swali lenye nguvu ni la idadi: mwaka jana polisi waliomba taarifa za laini ngapi katika Wilaya ya Kibiti? Kwa kifungu kipi cha sheria? Nani aliidhinisha, na maombi mangapi yalikataliwa? Majibu yake hayamtaji mshukiwa wala hayavurugi upelelezi. Atakayeyazuia kwa kisingizio cha usalama itabidi aeleze usalama wa nani.

Kuna mlango mwingine usiobishwa hodi mara nyingi. Sheria hiyo inazigusa pia kampuni binafsi zenye taarifa za maslahi makubwa kwa umma, na sioni kwa nini mitandao ya simu isihesabiwe humo. Afrika Kusini, mwaka 2017, wanaharakati wa Right2Know waliyaandikia makampuni ya simu kwa kutumia sheria ya nchi yao ya taarifa. Majibu yalifichua kwamba taarifa za namba zisizopungua 70,000 zilikuwa zikichukuliwa kila mwaka, kupitia utaratibu uliomkwepa jaji maalumu aliyewekwa kusimamia unasaji wa mawasiliano.

Udhaifu wa sheria yetu ni rufaa. Ukinyimwa unaishia kwa Waziri, ilhali Kenya malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Haki ya Utawala. Hilo Bunge linaweza kulirekebisha, na lirekebishe. Kwa sasa, anayevuka kutoka deltani kupitia Nyamisati kupeleka ombi lake Kibiti asiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila tarehe hiyo, siku 30 hazina pa kuanzia.