Maji Magumu na Kazi ya Kulainisha

Birika la nyumbani kwetu Unguja halina umri mkubwa, lakini ukilifunua na kulielekeza kwenye mwanga utaona tabaka jeupe limeganda chini na ubavuni. Ukilikwangua kwa kijiko linabanduka magamba. Yakamulie ndimu magamba hayo: yanatoa vipovu vidogo vidogo, kisha yanayeyuka. Mama huyaita chokaa, na kwa mazungumzo ya jikoni hajakosea. Ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile kilichomo katika mawe ya matumbawe yaliyochomwa kupata chokaa ya kuta za Mji Mkongwe. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe hayo. Mvua ikizama ardhini hubeba hewa ya ukaa, ikapata ukali kidogo unaolila jiwe polepole. Maji yanapovutwa kutoka chini na kuletwa kwenye mifereji yetu, jiwe limo ndani yake, limeyeyuka, halionekani. Yakichemshwa hewa hiyo hutoroka na jiwe hurudi kuwa jiwe, ndani ya birika.

Maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi namna hiyo kitaalamu huitwa maji magumu. Wapo wanaoliona jina hili kuwa tafsiri ya kukopa tu: ugumu ni wa jiwe au wa moyo, maji yatakuwaje magumu? Nimejaribu majina mengine na yote yamenishinda. Maji ya chumvi ni kitu kingine, maana chumvi huisikia ulimi, ilhali maji magumu yanaweza kunyweka vizuri kabisa. Maji mazito yameshachukuliwa na wanafizikia kwa maji yatumikayo katika baadhi ya vinu vya nyuklia. Maji ya chokaa ndiyo yale ambayo mwanafunzi huyapuliza kwa mrija maabarani mpaka yakawa meupe kama maziwa.

Kilichonifanya niikubali istilahi hii kwa moyo mmoja ni maharage. Yapike kwa maji ya mfereji yenye chokaa nyingi, uone yanavyochelewa kuiva, ngozi zimekaza. Kalsiamu hushikamana na gundi inayounganisha chembe za ganda, ikazidi kuzikaza. Wapishi wetu wana jibu la siku nyingi: kipande kidogo cha magadi. Ukiwauliza cha nini, watakwambia cha kulainishia. Magadi ni chumvi za sodiamu. Huikamata kalsiamu iliyomo majini, na sodiamu yake huingia pale kalsiamu ilipokuwa imeshika. Basi maji yanayogumisha maharage yana haki ya kuitwa magumu, na kitenzi kulainisha kilikuwa kinafanya kazi hii jikoni kabla hakijaandikwa kwenye kijitabu cha mtambo wowote. Wazee waliokinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia walilijua hilo pia. Mvua haijapita kwenye jiwe, kwa hiyo ndani ya maji yake sabuni hutoa povu mara moja, wakati maji ya kisima huila sabuni na kuacha utando mweupe kwenye beseni.

Kwa kipimo, maji yasiyozidi miligramu 60 za kalsiamu kabonati kwa lita huhesabiwa laini, na yakipita 180 ni magumu sana.

Sasa mtambo wenyewe wa kulainisha maji. Ule wa nyumba nzima hufungwa pale bomba kuu linapoingia, baada ya mita, ili maji yote yapite humo kabla ya kugawanyika. Ndani ya mtungi wake mna punje ndogo za plastiki maalumu, ambazo ningependa tuziite punje za ulimbo, kwa kuwa zinanasa kama ulimbo wa mtega ndege. Kila punje imebeba sodiamu. Maji yakipita, kalsiamu na magnesiamu hunaswa na sodiamu huachiliwa. Punje zikishiba husuuzwa kwa maji ya chumvi makali, zikajaa sodiamu upya, na kalsiamu na magnesiamu zikaenda na maji machafu. Ndiyo maana mtambo huu una pipa la chumvi pembeni.

Hapo ndipo maneno yanapohitaji ulinzi. Muuzaji mmoja alinishawishi ninunue mtambo huu kwa kuniambia kwamba "unasafisha maji". Niliamini, nikaacha kuchemsha ya kunywa, na tukaumwa matumbo nyumba nzima. Kulainisha hakuui vijidudu. Kuchuja ni kazi nyingine: kichujio cha nyuzi huzuia mchanga na kutu, na cha mkaa maalumu hupunguza harufu ya klorini. Kutia dawa ni kazi ya tatu, na hiyo ndiyo inayoua vijidudu. Lugha yetu ina vitenzi vitatu vilivyo wazi, na "kusafisha" kunavimeza vyote. Anayeuza anapaswa kusema mtambo wake unafanya kipi.

Jina la mtambo nalo lisiwe kilainishi, kwa sababu vilainishi ni mafuta ya mashine na mengineyo ya kupunguza msuguano. Mtambo wa kulainisha maji unatosha, ingawa ni mrefu.

Lipo pia suala la afya ambalo istilahi iliyonyooka hulifichua. Kwa kuwa kulainisha ni kubadilishana, kinachotoka lazima kilipwe. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita hutoka na nyongeza ya takriban miligramu 138 za sodiamu katika kila lita. Mama ana shinikizo la damu. Nilipomweleza fundi bomba hesabu hiyo, alikata njia ya pembeni kabla ya mtambo, akaipeleka jikoni peke yake kupitia kichujio, na ya kunywa tumerudi kuyachemsha. Juu ya bomba litokalo mtamboni ameandika kwa kalamu nene: YAMELAINISHWA, KUOGA NA KUFUA. Juu ya lile la jikoni: YAMECHUJWA TU, CHEMSHA. Birika linaendelea kushika chokaa, na kila baada ya wiki kadhaa mama hulikamulia ndimu.